Java na dot-net ziligombana siku tatu Mfaranyaki, jibu likiwa kwenye daftari langu

Wakuu, heshima yenu. Na ninyi mnaosoma humu kila siku bila kuchangia, kama mimi kwa miezi minne sasa, nawasalimu mara mbili, maana najua mlivyo.

Ilianza Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dakika naijua kwa sababu kila kitu huwa nakiandika kwenye daftari, na hiyo nimeipigia mstari. Ninayoandika hapa ndiyo yaliyotokea. Pale nilipotaka kujipamba nimefuta.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni msichana, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Naishi kwa mama mdogo, Mfaranyaki, hapa Songea. Ni mtu wa aibu. Sisemi aibu ya adabu, nasema aibu yenyewe. Darasani nikijua jibu nilikuwa naliandika pembeni ya daftari, nasubiri mwenzangu alitaje, halafu nafurahi peke yangu.

Mama mdogo alichoka kuniona nashinda ndani. Akanishika mkono akanipeleka kwa Mama Komba.

Mama Komba ni katibu wa umoja wa wakulima. Ofisi yao ni chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Kuna kompyuta mbili, kabati la mafaili, na UPS inayolia kama kifaranga umeme ukikatika. Kazi yangu ilikuwa kuchukua fomu za karatasi walizojaza wakulima na kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi ya kukaa kimya. Niliipenda.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa, maana bila hapa hamtaelewa ugomvi.

Zamani mbegu zilikuja kwa njia ya ushirika. Siku hizi milango imefunguliwa, makampuni binafsi yanaleta. Kampuni moja ya mbegu ikakubaliana na umoja wetu hivi: umoja utume orodha za wakulima kwa kompyuta, kikundi kwa kikundi. Orodha ikipokelewa na kompyuta ya kampuni kule Dar, mbegu za kikundi hicho zinapakiwa kwenye lori, kutoka ghala lao la hapa Songea. Isipopokelewa, hazipakiwi. Basi.

Lori la kwenda Madaba lilipangwa kuondoka Jumamosi asubuhi. La pili ni baada ya wiki tatu.

Bibi yangu mzaa mama yuko Madaba. Kikundi chao kinaitwa Upendo, wengi ni mabibi kama yeye. Mahindi aliyotunza kwa mbegu mwaka huu yameliwa yote na dumuzi. Ukishika punje inabaki unga vidoleni. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Ukipanda wiki tatu nyuma ya wenzako kule, unavuna majani.

Kwa hiyo mimi sikuwa naangalia kompyuta tu. Nilikuwa naangalia ugali wa Bibi wa mwaka mzima.

Ofisini walikuwepo vijana wawili.

Kaka Deo ni wa hapa hapa Songea. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ya umoja, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java. Anaipenda Java kama wengine wanavyopenda timu ya mpira.

Kaka Faraji alitumwa na kampuni ya mbegu. Amezaliwa Namtumbo lakini amekulia Dar. Alikuja na laptop yake, na mfumo wa kampuni yao umetengenezwa kwa dot-net, mpinzani wa Java. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akacheka. "Dogo, unanizeesha. Nina miaka ishirini na sita."

Nikatamani kuingia kabatini.

Sasa, hizo programu mbili hazijuani. Moja inaongea hivi, nyingine vile. Ili zielewane wanatumia XML. Kwa sisi tusio wataalamu, ni faili la maandishi ambalo kila kitu kimefungwa kwenye lebo yake: hili ni jina, hiki ni kijiji, hili ni shamba. Faili linapelekwa kwenye web service, ambayo mimi naiona kama dirisha la dawa hospitali. Unapitisha cheti, kikiwa sawa unapewa, kikiwa na kasoro unarudishiwa.

Na kuna kitu kinaitwa schema. Hiki nilikielewa haraka kuliko vyote. Schema ni ile karatasi ya kujiunga na shule ya bweni: ndoo moja, jembe moja, shuka mbili, sufuria ndogo moja. Matroni anasimama getini anahesabu. Ukija na pungufu unarudi. Ukikutana na matroni mkali, hata ukija na ndoo mbili unarudi.

Mkumbuke hilo la ndoo mbili.

Basi, Jumatano saa nne na dakika ishirini, Kaka Deo akatuma orodha ya kwanza. Kikundi cha Upendo.

Dirisha likajibu kwa Kiingereza maneno matatu tu: hati si halali. Halikusema kosa ni nini wala liko mstari upi.

"Si halali kivipi?" Deo akauliza.

"Si halali ni si halali," Faraji akajibu. "Kosa liko kwako."

"Mbona dirisha lenu halisemi kosa liko wapi?"

"Usalama. Hatuwezi kumwelekeza kila anayepita."

"Mimi napita? Mimi nimekaa na wewe meza moja, tunakunywa chai chupa moja."

Deo akalipima faili lake kwa schema aliyonayo. Likapita. Faraji naye akachukua orodha ya mfano, wakulima kumi aliowabuni mwenyewe kule Dar, akaituma. Ikapokelewa.

"Kwangu inapita," akasema Deo.

"Kwangu pia inapita," akasema Faraji.

Wakuu, sentensi hizo mbili nimezisikia siku tatu. Kwenye daftari niliacha kuziandika, nikawa naweka alama tu, D na F.

Mchana wakabishana namespace, ile anwani inayosema lebo ni za mfumo upi. Deo anasema dot-net inajifanya haioni namespace ya mtu mwingine. Faraji anasema Java inatoa faili zito kama mtu anayesafiri na kabati. Saa tisa wakahamia kwenye herufi, kama faili limeandikwa kwa UTF-8 au la. Saa kumi wakafika kwenye tarehe, nani anaanza na mwaka na nani anaanza na siku. Kila wakibadilisha kitu wanatuma upya, na kila wakituma mimi naandika: saa, kikundi, jibu.

Fundi cherehani alipitisha kichwa mlangoni. "Hao Java na huyo mwingine wamedaiana nini?"

"Hawaelewani lugha, mzee," akasema Deo.

"Watafutieni mtu wa katikati," akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Alhamisi wakaamua kujaribu vikundi vingine. Hapo mambo yakazidi kuchanganya, maana kikundi cha vijana kinachoitwa Chapakazi kilipita mara ya kwanza tu. Wakashikana mikono. Wakatuma tena Upendo, ikakataa. Wakatuma kikundi cha wazee, kikakataa. Wakatuma vijana wengine, wakapita.

"Hii kompyuta yenu inabagua wazee," Deo akamwambia Faraji.

"Labda majina ya wazee yana herufi za ajabu."

"Bibi Asteria wa Upendo ana herufi gani ya ajabu?"

Samahani wakuu, hapa niliondoka kidogo, hapa kafe ya intaneti kuna mtu nyuma yangu anaisubiri mashine na anapumua kwa nguvu. Naendelea.

Alhamisi hiyo jioni nilikaa uani kwa mama mdogo, nachambua mchele, daftari pembeni. Nikawa napitia. Chapakazi imepita. Upendo imekataa. Wazee wamekataa. Vijana wamepita.

Nikajiuliza, vijana wana nini ambacho mabibi hawana? Nikakosa. Nikageuza swali. Mabibi wana nini ambacho vijana hawana?

Mkono ukasimama kwenye ungo.

Kijana wa Madaba akikua, baba anamkatia kipande kimoja. Ndiyo hicho. Lakini mtu mzima ana shamba la mlimani la mahindi, na chini bondeni kwenye unyevu ana vinyungu, vile vibustani vya kiangazi vya maharage na mboga. Bibi yangu ana vyote viwili. Mimi mwenyewe nilimwingiza. Niliandika shamba la mlimani, nikabonyeza kitufe cha ongeza, nikaandika vinyungu. Faili la Bibi lina shamba mara mbili.

Na orodha ya mfano ya Kaka Faraji niliiona. Wakulima wake wote kumi wana shamba moja moja.

Ndoo mbili getini. Na kikundi kizima kinarudishwa kwa sababu ya ndoo ya mtu mmoja.

Mtu mwingine angekimbia kwa Deo usiku huo huo. Mimi niliandika jibu pembeni ya daftari, nikafurahi peke yangu, halafu furaha ikaniishia. Maana safari hii hakuna mwenzangu wa kulitaja.

Na kichwani nilikuwa naambiwa: wewe umejifunza kompyuta miezi miwili. Hao wamesoma chuo. Umewaona wameshindwa, halafu wewe ndiyo uje na vinyungu?

Ijumaa asubuhi nikapata akili ambayo niliiona kubwa sana.

Kwenye XML unaweza kuandika maneno yako katikati ya faili, ukayafunga kwa alama maalumu, yakawa maelezo tu ya kusomwa na binadamu. Deo ndiye alinifundisha. Nikawahi ofisini kabla yao, nikafungua faili la Upendo, juu kabisa nikaandika hivi:

Kaka Deo na Kaka Faraji, shikamooni. Naomba muangalie idadi ya mashamba. Wanaokataliwa wana zaidi ya moja. Samahani kama nimekosea.

Nikalihifadhi, nikakaa kwenye kiti changu, nikasubiri wasome.

Wakatuma faili. Likakataliwa. Wakalituma tena. Likakataliwa. Wakabadilisha kitu kwenye programu ya kutuma, wakatuma mara ya tatu. Kila mara nawaangalia nyuso. Hakuna aliyetaja mashamba.

Hadi saa sita ndipo nilipoelewa nilichofanya. Yale maelezo mashine inayaruka. Ndiyo kazi yake, kuyaruka. Na hawa kaka zangu wawili hawakuwa wanafungua faili kwa macho. Mashine inatoa, mashine inapokea, wao wanabishana juu yake. Nilikuwa nimemwandikia barua mtu wa posta badala ya mwenye nyumba.

Saa nane na nusu mchana Mama Komba akaingia, kanga begani, karatasi mkononi.

"Wanangu, lori limekuja. Saa kumi na mbili jioni wanafunga turubai. Vikundi vingapi vimepita?"

"Vinne, mama," akasema Deo.

"Kati ya?"

Deo akaangalia sakafu. "Kumi na moja."

"Na hivyo saba?"

"Ni mambo ya interoperability, mama," akasema Faraji.

"Hiyo inapandwa wapi?"

Mama Komba akavuta kiti, akatoa kalamu. "Basi nisomeeni vilivyokataliwa nivikate. Niwapigie wenyeviti wao wasije barabarani kusubiri bure."

Deo akaanza kusoma. "Upendo."

Nikaiona kalamu inashuka.

"Kaka Deo, samahani," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Wakuu, nasema kweli, hata mimi sikusikia vizuri.

"Kaka Deo."

Wote watatu wakageuka. Faraji alikuwa hajanisikia nikiongea tangu ile shikamoo.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakakimbia. Likatoka hili: "Bibi yangu ana mashamba mawili."

Faraji akamwangalia Deo. Deo akaniangalia mimi. "Hongera yake," akasema.

Wakacheka. Hata Mama Komba alitabasamu. Nikahisi masikio yanawaka. Lakini nilikuwa nimeshasimama, na kukaa tena kulikuwa na aibu kubwa kuliko kuendelea. Nikasogea mezani, nikaliweka daftari juu ya laptop ya Faraji, juu ya kibodi kabisa, ikalia.

"Hawa wamepita," nikasema. "Wote wana shamba moja. Hawa wamekataliwa. Kila kikundi kina mwenye mawili. Orodha yako ya mfano, kaka, wote wana moja."

Faraji akaacha kucheka. Akafungua schema yao, akashuka, akashuka, akasimama. Kulikuwa na mstari unaosema shamba litokee mara moja, lisizidi.

"Lakini schema yangu inaruhusu mengi," Deo akasema. Halafu akajishika kichwa. "Aa. Aa, Mama Komba. Ulikuja mwezi wa nane ukasema watu wana mashamba mawili mawili. Nikaweka kitufe cha kuongeza. Nikabadilisha na schema."

"Ukaniambia mimi?" Faraji akauliza.

"Nilibadilisha ya kwangu."

"Kwa hiyo siku tatu unapima faili lako kwa rula uliyoichonga mwenyewe."

"Na wewe uliyeandika mkulima mmoja shamba moja? Mama yako ana mashamba mangapi?"

"Mama yangu muuza vitenge, yuko Dar."

"Bibi yako, basi. Kule Namtumbo."

Faraji akaanza kuhesabu kwa vidole. "La tumbaku," akasema. "La mahindi." Akaendelea polepole zaidi. "Na kuna la mpunga kule chini."

Mama Komba akaguna. "Wajukuu wa wakulima. Shamba mnalijua mkiwa mnakula tu."

Sasa ni kurekebisha. Deo akawa na haraka, akasema afute shamba la pili la kila mtu, faili lipite, lori liende. Dakika tano.

Mama Komba akaifunika kalamu. "Hapana. Ukimfutia mtu shamba kwenye karatasi leo, kesho atakuja mwingine na karatasi hiyo hiyo kuuliza lile la bondeni ni la nani. Andikeni kilichopo."

Basi ikabidi Faraji apige simu Dar kwa mwenzake anayeshika seva. Tulikuwa tunasikia upande mmoja tu. "Ndiyo. Zaidi ya moja. Ndiyo, mtu mmoja. Hapana, hajamnyang'anya mtu. Bwana, wewe umelelewa ghorofani, badilisha tu, nitakueleza."

Deo, wakati anasubiri, akafungua faili la Upendo kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Nikaona midomo yake inasoma. Akasoma tena kwa sauti, tangu shikamooni mpaka samahani kama nimekosea.

"Hii uliandika lini?"

"Asubuhi."

"Tumeituma Dar mara tatu," akasema, akacheka mpaka akafuta macho. "Seva ya kampuni imeamkiwa shikamoo mara tatu, haijaitikia hata marahaba."

Faraji akakata simu, akanigeukia. "Marahaba, dogo," akasema. "Kwa niaba ya dot-net."

Saa kumi na dakika hamsini wakatuma Upendo. Dirisha likajibu: imepokelewa. Niliandika kwenye daftari kwa haraka, mpaka leo neno hilo halisomeki vizuri. Saba zote zikapita kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mama Komba akaenda kwenye lori na orodha, anatembea kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Wakuu, nilichojifunza.

Kwa wenye fani: ugomvi wa Java na dot-net, mimi sasa naamini mara nyingi si wa Java wala dot-net. Platform mbili zinaweza kuelewana vizuri sana juu ya kitu ambacho wote mmekiandika vibaya. Wanaoandika schema wakae kwanza na mwenye jembe. Na mtu mmoja ashike schema moja. Akibadilisha amwambie mwenzake, hata kama wanakunywa chai chupa moja.

Kwa wenye aibu wenzangu sina somo kubwa. Sijapona. Uzi huu nimeuandika kwa siku mbili, na jana niliufuta wote. Ninachoweza kusema ni kwamba jibu la kwenye daftari lilikuwa sahihi tangu Alhamisi jioni, na lilikuwa halimsaidii Bibi kitu mpaka Ijumaa saa nane na nusu.

Wajuzi wa XML mnirekebishe nilipokosea, ila taratibu. Na mwenye kisa cha mifumo miwili isiyoelewana akiweke hapa chini, nitasoma yote. Pengine nitajibu.

Nimalizie na kesho yake, Jumamosi.

Mama Komba alinifuata nyumbani kabla jua halijachomoza. Akasema daftari linaenda Madaba, kwa hiyo na mwenye daftari anaenda. Nilikaa mbele, kati yake na dereva. Tulipofika, kikundi cha Upendo walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mabeseni yao, Bibi mstari wa tatu, kitambaa chekundu kichwani.

Mama Komba akanipa orodha. "Umewaingiza wewe, wasome wewe."

Nikapanda juu ya lori. Nikaanza kusoma, jina, mlimani, vinyungu, jina, mlimani. Nilikuwa nimefika la sita ndipo Bibi aliposimama, mikono kiunoni.

"Mjukuu wangu, huku nyuma hatusikii hata moja."

Nikavuta pumzi yote niliyoweza, nikageuza karatasi, nikaanza upya kutoka jina la kwanza.